Kaveera ya muhogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniuliza ni wauza karanga wa soko la Owino, Kampala, akina mama wanaofunga mandazi Arua, vijana wenye mashine moja ya kupuliza nailoni, na mara mojamoja mwalimu wa sayansi. Maswali yao yanafanana, basi nimeona niyaweke mahali pamoja. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tunachoelewana nacho kutoka Busia hadi Arua, na maneno ya Kampala kama kaveera (mfuko wa plastiki) nimeyaacha yalivyo.

Kaveera ya muhogo ni muhogo mtupu?

Hapana. Ukiona mfuko laini unaonyumbuka, umeandikwa kuwa umetengenezwa kwa muhogo au mahindi, jua ndani yake kuna vitu viwili vikubwa: wanga wa mmea, na plastiki nyingine ambayo vijidudu vinaweza kuila. Mara nyingi wanga, pamoja na gliserini inayoulainisha, ni kama theluthi ya uzito au zaidi kidogo. Kinachobaki ni hiyo plastiki, na dawa kidogo za kuvishikanisha. Anayekuambia ni muhogo asilimia mia, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Kwa nini wanga usitoshe peke yake?

Jaribu jikoni. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo, vijiko vinne vya maji, kijiko kimoja cha chai cha gliserini (maduka ya dawa wanayo) na kijiko kimoja cha chai cha siki. Koroga kwenye moto mdogo mpaka yale maji meupe yageuke uji mzito unaong'aa. Upake kwenye sinia, uache siku moja au mbili. Utabandua utando unaopitisha mwanga na kukunjika, na utajiona mwanakemia.

Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza mwezi wa Januari, kiangazi kimekaza, na utando ukavunjika kama biskuti. Nikarudia Aprili wakati wa mvua. Safari hiyo ulinata mezani na kubaki na alama za vidole vyangu. Vipimo vilikuwa vilevile. Huo ndio ugonjwa wa wanga: unakunywa unyevu wa hewani na kuutema kadiri hali ya hewa inavyobadilika, na mfuko unabadilika nao. Ukiutia nyanya zenye maji, unalainika na kuchanika kabla hujavuka barabara.

Kilichotokea kwenye sufuria ndicho kinachotokea kiwandani. Wanga hukaa katika punje ndogo sana. Za muhogo zina upana wa maikroni 5 hadi 35 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ndani ya punje kuna minyororo ya sukari ya aina mbili, amilosi iliyonyooka na amilopektini yenye matawi mengi. Kwenye muhogo amilosi ni karibu sehemu moja kwa tano, na hiyo nyingine ndiyo iliyobaki. Maji na joto la nyuzi 60 hadi 70 huivimbisha punje mpaka ipasuke, minyororo ikalegea. Gliserini inajipenyeza katikati yake na kuizuia isikumbatiane tena, ndiyo maana inaitwa kilainishi. Kiwandani kazi hiyo inafanywa na ekstruda, pipa refu lenye skrubu ndani linalokanda, kupasha moto na kusukuma kwa wakati mmoja, na kinachotoka ni wanga uliolainishwa unaoweza kuyeyushwa kama plastiki nyingine.

Halafu kuna uzee. Chapati ya jana ni ngumu hata ukiifunga isikauke, kwa sababu minyororo ya wanga inarudi polepole kujipanga. Utando wa wanga nao unazeeka hivyohivyo, unakuwa mgumu wiki hadi wiki ukiwa rafuni, hakuna aliyeugusa.

Plastiki zinazochanganywa nao ni zipi?

Zinazokutana na mkono wa mnunuzi ni chache, na huitwa kwa vifupisho vya majina yao ya kikemia.

PLA hutokana na sukari ya mahindi au miwa. Sukari inachachushwa kuwa asidi ya laktiki, asidi ileile inayoipa bongo (maziwa ya mgando) uchachu wake, kisha molekuli za asidi zinaungwa kuwa mnyororo mrefu. Kiwanda kikubwa cha kwanza kilianza mwaka 2002 huko Blair, jimbo la Nebraska, Marekani. PLA ni angavu na ngumu, ila ni kavu kama mchele mbichi: ukiikunja inapasuka. Na inalegea ikifika nyuzi 55 hadi 60 tu. Vikombe angavu vya sharubati baridi vinaifaa.

PBAT ni kinyume chake. Inavutika mara kadhaa ya urefu wake bila kukatika, inafanana mkononi na nailoni tuliyoizoea, na inayeyuka kwenye nyuzi 110 hadi 120. Mifuko mingi inayoitwa ya muhogo au ya mahindi, ukweli wake ni wanga na PBAT, pengine na PLA kidogo ya kuipa ukakamavu. Kampuni ya Kijerumani ya BASF imekuwa ikiiuza tangu 1998.

PBS ipo katikati ya hizo mbili. PCL inayeyuka kwenye nyuzi 60 tu, nayo ilitumika sana kwenye michanganyiko ya mwanzo. PHA ndiyo inayonivutia mimi kuliko zote: bakteria wenyewe wanaihifadhi mwilini kama sisi tunavyohifadhi mafuta, na Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza miaka ya 1920. Inaoza kwa urahisi kuliko wenzake, hata kwenye maji. Bei yake ndiyo inayoiweka mbali na karanga zetu.

PBAT inatoka kwenye petroli. Itaozaje?

Asili na mwisho ni mambo mawili tofauti. Kijidudu hakiulizi kaboni imetoka kisimani au shambani. Kinatazama kama kuna kiungo cha mnyororo kinachoweza kukatwa. PBAT ina viungo vya esta vinavyokatwa na maji na vimeng'enya. Kwa upande wa pili, Brazili tangu 2010 wanatengeneza polithini, ile nailoni ya kaveera za kawaida, kutokana na miwa. Ni mmea mtupu, na haiozi hata kidogo.

Wanga na plastiki hizo vinashikanaje?

Vibaya, ukiviacha hivihivi, na hapa ndipo ujuzi wote wa biashara hii ulipo. Wanga unapenda maji. PLA, PBAT na ndugu zao hawayapendi. Ukivikanda pamoja unapata kitu kama mchuzi uliojitenga: matone ya wanga ndani ya bahari ya plastiki, na baina yao mpaka usioshika. Mfuko ukivutwa, unaanza kupasuka pale pale kwenye mpaka.

Dawa yake ni kiunganishi, na kinafanya kazi kama sabuni kwenye sahani yenye mafuta, mkono mmoja kwa maji na mwingine kwa mafuta. Kinachotumika sana ni anhidridi ya maleiki iliyopandikizwa kwenye mnyororo wa plastiki. Inashika wanga kwa kiungo cha kweli cha kikemia. Asidi ya sitriki, ile ya ndimu, inatumika pia kwa kuwa ni rahisi kupatikana na haina shida na chakula. Ila asidi hiyo ina makali mawili, kwani ikizidi inakatakata minyororo ya wanga na ya plastiki, na mfuko unakuwa dhaifu.

Mpangilio nao una maana. Mtengenezaji mzuri anataka plastiki iwe bahari na wanga uwe visiwa, kwa sababu bahari ndiyo inayogusana na maji ya nje. Ukiongeza wanga kupita kiasi mambo yanageuka, wanga unakuwa bahari, na umerudi kwenye utando wangu wa Aprili.

Basi wanga uwe kiasi gani?

Hakuna namba moja. Wanga ni rahisi kuliko PLA na PBAT, hivyo kila mtengenezaji anavutwa auongeze, na kila asilimia anayoongeza inapunguza nguvu na uvutikaji. Kwa mfuko mwembamba wa kubebea, asilimia 30 hadi 40 ya wanga uliolainishwa ndani ya PBAT ni eneo ambalo wengi wanafanyia kazi. Kwa trei nene isiyokunjwa unaweza kwenda mbali zaidi. Muuzaji akikutajia asilimia, muulize kama anahesabu wanga mkavu au wanga pamoja na gliserini yake, maana gliserini huchukua robo ya uzito huo au zaidi.

Nina mashine ya kupuliza nailoni Kampala. Lazima ninunue nyingine?

Kwa mchanganyiko wa wanga na PBAT ulio tayari katika chembe za kuyeyusha, mashine nyingi za polithini laini zinaweza kuupuliza baada ya marekebisho. Punguza joto. Ukizidisha, wanga unageuka kahawia na karakana yote inanuka mkate ulioungua. Safisha skrubu vizuri kabla na baada. Usiuache mchanganyiko ukae kwenye pipa lenye moto wakati umeme umekatika. Toa kilichomo mara umeme unaporudi, la sivyo utatoa makaa.

Unyevu ndio adui mkubwa. Gunia lililofunguliwa likakaa wazi usiku kucha msimu wa mvua linatosha kujaza utando wako vipovu. PLA ni kali zaidi kwa hili: watengenezaji wake wanataka maji yasizidi sehemu 250 katika milioni kabla ya kuyeyushwa, kwani maji yaliyobaki yanaikata minyororo palepale ndani ya pipa. Bila kikaushio usiiguse.

Na mabaki ya kukata usiyarudishe kwenye polithini yako ya kawaida. Nimeona roli nzima ikiharibika kwa debe moja tu la mabaki.

Kutengeneza chembe zenyewe hapa Uganda je?

Hiyo ni kazi nyingine. Inataka ekstruda ya skrubu mbili, na PBAT au PLA bado unaagiza kutoka nje. Kwa sasa kinachoweza kuwa chetu ni wanga.

Muhogo wetu unafaa?

Unafaa sana. Wanga wake ni mweupe, hauna ladha wala harufu, na una mafuta na protini kidogo kuliko wa mahindi, hivyo utando wake ni angavu. Mzizi mbichi una wanga wa robo hadi theluthi ya uzito wake kulingana na aina na umri, na ukitengeneza vizuri unapata kilo 20 hadi 25 za wanga mkavu kwa kila kilo 100 za mihogo. Kituo cha utafiti cha Namulonge kimetoa aina kadhaa zinazostahimili batobato na michirizi kahawia, magonjwa mawili yanayoumiza mashamba yetu.

Wengi wanachanganya unga wa muhogo na wanga wa muhogo. Unga ni mzizi wote uliokaushwa na kusagwa, pamoja na nyuzinyuzi zake na mara nyingi mchanga wa barabarani ulikoanikwa. Wanga unapatikana kwa kumenya, kuosha, kukuna, kuchuja kwa maji mengi, kuacha maji meupe yatuame, kumwaga ya juu, kisha kukausha kile kilichokaa chini. Ukipeleka unga kwenye ekstruda unapata madoa, na mchanga unakula skrubu.

Saa nayo inakimbia. Mzizi uliong'olewa unaanza kubadilika rangi ndani baada ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo kinu cha wanga kinakaa shambani, Lira, Soroti au Apac, na Kampala inafika wanga mkavu tu.

Sayanidi ya muhogo mchungu? Inayeyuka kwenye maji ya kuoshea, na wanga uliochujwa vizuri haubaki nayo ya kutisha. Maji hayo ndiyo ya kuogopa. Ukiyaelekeza kijitoni utaua samaki, na jirani atajua ni wewe.

Hatutakuwa tunageuza chakula cha watu kuwa mifuko?

Swali hili huulizwa kwa hasira zaidi na watu wa Teso, ambako atap ya muhogo ni chakula cha kila siku, na wana haki. Tupige hesabu. Mfuko wa gramu 5 wenye wanga asilimia 40 una gramu 2 za wanga. Mifuko milioni moja ni tani 2 za wanga, yaani tani 8 hadi 10 za muhogo mbichi. Ni lori moja kubwa, basi. Sioni njaa hapo. Hofu yangu ni ya mwaka wa ukame, kiwanda kimefunga mkataba na mkulima, bei ya soko imepanda, na mkulima hawezi kumuuzia jirani yake. Hilo linatatuliwa kwenye mkataba.

Maganda ya matooke (ndizi za kupika) nayo yana wanga, na Kampala inayatupa kwa malori. Watafiti wengi wameyajaribu. Tatizo ni kwamba yanageuka meusi haraka, yana nyuzinyuzi nyingi, na kuyakusanya yakiwa safi kutoka kila jiko ni kazi kuliko kung'oa muhogo.

Vyakula gani vinafaa, vipi havifai?

Anza na mboga za majani. Nakati au dodo ikifungwa kwenye nailoni inatoa jasho, matone yanakaa, majani yanaoza toka katikati. Mchanganyiko wa wanga unapitisha mvuke wa maji, ndio udhaifu wake mkubwa, lakini hapa udhaifu unageuka msaada: jasho linatoka nje. Mboga zinanyauka haraka kidogo, ila haziozi kwa utelezi. Kwa mboga za kuuzwa siku hiyohiyo au kesho yake, mimi ningeichagua hata kama hakuna sheria inayonilazimisha. Mkate na mandazi ya siku moja mbili, sawa pia, ingawa mkate utakauka mapema.

Karanga, simsim na kahawa ya kusaga ndipo watu wanapojichoma. Utando wa wanga ukiwa mkavu unazuia oksijeni vizuri, tena kuliko polithini, na muuzaji atakuonyesha namba hiyo kwa fahari. Hatakuonyesha ya mvuke. Karanga zilizokaangwa zinavuta unyevu kupitia utando huo, zinalegea, na zikikaa wiki kadhaa msimu wa mvua ukungu unaanza. Ukungu wa karanga si suala la ladha tu. Kuna aina zinazotoa sumukuvu, ambayo inaharibu ini na kusababisha saratani yake, na haiondoki kwa kukaanga tena. Kwa karanga za kuuzwa leo barabarani, funga. Kwa pakiti ya kukaa dukani miezi mitatu, usifunge humo bila tabaka jingine la kuzuia mvuke.

Rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai, ni kesi yake. Chapati na mayai vinatoka kwenye kikaango vikiwa moto sana na vinang'aa mafuta. PLA italegea na kujikunja. Wanga na PBAT utavumilia kidogo zaidi, ila mimi huwaambia vijana wa rolex wafunge kwanza kwenye karatasi safi (si gazeti, wino wake haukukusudiwa kuliwa), kisha mfuko uwe wa kubebea tu.

Samaki mbichi, nyama, maziwa, maji ya kunywa: hapana. Mukene (dagaa) waliokauka vizuri: kwa kubebea, ndiyo, kwa kuhifadhi, zile hoja za karanga zinarudi.

Naweza kufunikia matooke jikoni?

Naomba usifanye. Najua Kampala wengi wanafunika matooke kwa kaveera ili mvuke usitoke, na sasa kuna wanaodhani ya muhogo ni salama kwa kazi hiyo kwa sababu ni "chakula". Mvuke wa nyuzi 100 unakaribia pale PBAT inapoyeyuka, wanga unanyonya maji na kuvimba, gliserini inatoka, na kinachodondokea kwenye ndizi sitakipa jina. Majani ya migomba yamefanya kazi hii tangu enzi za mababu na hayajawahi kuyeyuka.

Ni salama kugusana na chakula?

Inaweza kuwa salama, lakini neno "wanga" si hati. Kinachopimwa ni kile kinachohama kutoka kwenye kifungashio kwenda kwenye chakula. Ulaya kikomo cha jumla ni miligramu 10 kwa kila desimita mraba ya utando, na wanapima kwa vimiminika vinavyowakilisha vyakula: asidi ya siki kwa vyakula vichachu, alkoholi nyepesi kwa vingine, mafuta ya mboga kwa vyenye mafuta. Gliserini ndiyo inayohama zaidi, hasa kwenye vyakula vyenye maji, na yenyewe ni kitu kinachotumika hata kwenye keki. Mimi huwauliza wauzaji kuhusu viunganishi, rangi na wino wa nembo. Omba karatasi ya vipimo inayotaja mfuko huohuo, wenye rangi hiyohiyo, wala si ya malighafi tu.

Nikiitupa, itaoza?

Wapi?

Sikwepi swali. Mfuko uleule unaweza kuisha kwa miezi mitatu mahali pamoja na kukaa miaka mahali pengine. Kiwango cha Ulaya EN 13432, ambacho nembo nyingi zinakitegemea, kinataka asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya kaboni dioksidi ndani ya miezi 6, na baada ya wiki 12 vipande vinavyobaki juu ya chujio la milimita 2 visizidi asilimia 10 ya uzito. Lakini vipimo hivyo hufanyika kwenye mboji ya kiwandani, joto likiwa karibu nyuzi 58. Kampala yetu huwa na wastani wa nyuzi 20 na ushee. PLA iliyotupwa mtaroni Bwaise haina tofauti kubwa na chupa ya soda kwa miaka mingi, kwani bila kuzidi joto lake la kulegea minyororo yake inakatika polepole mno.

Mchanganyiko wenye wanga unaanza mapema zaidi. Vijidudu vinakula wanga kwanza, utando unabaki na matundu kama chujio, maji yanaingia, na PBAT inaanza kukatwa nayo. Kwenye udongo wenye uhai hilo linaendelea. Kwenye maji ya Nalubaale (Ziwa Viktoria), taratibu. Na mfuko wowote, wa muhogo au wa petroli, una muda wa kutosha kuziba mfereji wa Nakivubo mvua ya leo jioni.

Dampo ndiko mahali pabaya kuliko pote. Ndani ya lundo lililoshindiliwa hakuna hewa. Wanga unaoza huko kwa kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto na inayoweza kuwaka, na PLA inabaki ilivyo. Kiteezi, dampo la Kampala, ilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, kilichowafunika kilikuwa lundo la miaka karibu thelathini, na sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda na mabaki ya chakula. Hayo ndiyo yangekwenda kwenye mboji, na mfuko wa muhogo ungeyabeba.

Italia walilielewa hilo. Walipopiga marufuku mifuko myembamba ya kawaida mwaka 2011, miji mingi tayari ilikuwa ikikusanya mabaki ya chakula kando. Mama anabeba mboga kwenye mfuko wa wanga, nyumbani anautia maganda, lori la mboji linauchukua pamoja na vilivyomo. Sisi tunataka mfuko bila lori.

Kama una shamba au shule yenye nafasi, lundo la mboji lenye ukubwa wa mita moja kila upande, lenye unyevu wa kutosha na linalopinduliwa, hupanda hadi nyuzi 55 au 60 lenyewe. Humo mfuko unaisha. Kwa lundo dogo la nyuma ya jiko, tafuta mfuko wenye nembo ya mboji ya nyumbani, uliopimwa kwenye nyuzi 20 hadi 30 kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Hiyo ndiyo nembo inayofanana na maisha yetu.

Nitajuaje muuzaji hanidanganyi?

Vipimo viwili vya jikoni, na kimoja cha uani. Kwanza, kata kipande na ukikwaruze kwa kisu, kisha udondoshee dawa ya aidini ya vidonda. Kikigeuka samawati iliyokoza karibu na weusi, kuna wanga. Pili, kizamishe kwenye maji na utoe mapovu kwa kidole. Polithini inaelea. Mchanganyiko wa wanga na PLA au PBAT unazama.

Viunganishe. Kikizama na kugeuka samawati, dalili ni nzuri. Kikielea na kugeuka samawati, una polithini iliyotiwa wanga, ujanja wa miaka ya 1970 na 1980: wanga unaliwa, polithini inabaki vipande vidogo usivyoweza kuviokota. Kikizama bila kugeuka, huenda ni polithini iliyojazwa chokaa, au plastiki inayooza isiyo na wanga. Hapo choma kipande uani: polithini inanuka mshumaa uliozimwa.

Kuna na polithini iliyotiwa chumvi za metali ili ivunjike juani. Muuzaji ataiita "inayooza" bila kupepesa macho. Inasagika tu, haiozi, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021.

Sheria ya Uganda inasemaje?

Sheria ya Fedha ya mwaka 2009 ilipiga marufuku kaveera, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 inakataza zilizo nyembamba kuliko maikroni 30. Utekelezaji umekuwa wa kupanda na kushuka. Kila mtu aliyewahi kupita Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, anajua. Kabla hujaagiza kontena la mifuko ya wanga, iandikie NEMA (mamlaka ya mazingira) barua, na UNBS (shirika la viwango) pale Bweyogerere nao, upate jibu kwa maandishi. Ofisa mpakani hana aidini mfukoni, na kwa macho yake mfuko wako ni kaveera. Ukiuza nje kumbuka majirani wana sheria zao: Rwanda ilianza 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019.

Naweza kuichanganya na plastiki za kurejelezwa?

La. Inaharibu polithini ya mrejelezaji, na PLA inaharibu chupa zinazorejelezwa.

Inakaa muda gani stoo?

Miezi 6 hadi 12 ukiitunza: kavu, gizani, mbali na bati la moto. Agiza kidogo kidogo. Mifuko ya bei nafuu mwisho wa msimu huwa imezeeka, utaisikia ikilia mkononi kama karatasi.

Nianzeje bila kupoteza pesa?

Nunua kilo moja ya mifuko. Funga pakiti 20 za bidhaa yako yenyewe, uzipime kwenye mizani ya kidijitali, uandike uzito na tarehe kwa kalamu juu yake. Weka 10 stoo na 10 mahali zinapouzwa kweli, juani au kibandani. Pima kila wiki. Karanga zikiongezeka uzito, zinakunywa maji. Mboga zikipungua, zinakauka. Kila wiki fungua moja kutoka kila kundi, uonje, na mpe mteja wako mkali kuliko wote aonje pia. Anza wakati wa mvua. Mfuko ukivumilia Aprili na Mei, Januari nayo iwe na pakiti zake, maana huko ndiko utando wangu wa kwanza ulikovunjikia.